Ndoo Tatu za Chokaa

Kabla sijaingia kiwandani nilidhani tindikali ni kitu cha watu wabaya tu. Nilikuwa nimeisikia redioni: fulani kammwagia mwenzake usoni, wivu wa mapenzi. Sikujua kwamba kuna watu wanaamka asubuhi, wanakunywa chai, wanavaa mabuti na kwenda kushinda nayo kutwa, kama mimi nilivyokuwa nikishinda na unga wa maandazi.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, nyuma ya maghala. Kilipaka zinki mabomba na nguzo za uzio ili visishike kutu. Kazi ya zinki inaanzia mbali. Haishiki juu ya kutu hata uibembeleze vipi, kwa hiyo bomba lilichovywa kwanza kwenye tangi la tindikali, likaachwa humo mpaka kutu yote iyeyuke, ndipo likasuuzwa na kupelekwa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Liliingia jekundu na kutoka la kijivu, kama majabali ya mji wetu wa Mwanza baada ya mvua. Wiki za kwanza nilikuwa nasahau ufagio mkononi, nimesimama naangalia vipovu vinavyopanda kutoka kwenye bomba, najiuliza kutu inakwenda wapi.

Haikwenda popote. Ilibaki mle mle ndani ya tindikali, na tindikali ikishakula kutu nyingi ilichoka. Ndivyo tulivyosema, imechoka. Iligeuka kijani kibichi kama soda ya chupa, na bomba likilowekwa humo halitoki vizuri tena. Basi pampu iliisukuma mpaka kwenye shimo la saruji nyuma ya jengo. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Mimi nilikuwa mfagiaji, na kwa desturi ya pale mfagiaji ndiye aliyepooza shimo. Kupooza maana yake ni kumwaga ndoo za chokaa na kukoroga kwa mti mrefu huku umegeuza uso kando. Shimo lilichemka bila moto, likatoa mvuke, kijani kikageuka tope zito lenye rangi ya kutu. Msimamizi wetu, mzee wa Kisukuma mwenye mikono iliyojaa alama za cheche za zinki, alinifundisha siku yangu ya kwanza.

"Ukisikia linanung'unika, bado. Likinyamaza, limepoa."

"Nisipolipooza, mzee?"

"Huo mfereji unauona? Unashuka mpaka ziwani. Kule chini kuna kina mama wanafua, na watoto wao wanaoga hapo hapo. Sasa wewe usilipooze uone."

Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla wenzangu hawajafika, mimi nilikuwa nimeshapooza shimo. Ndoo mbili. Sikukosa hata siku moja, hata nilipokuwa na malaria. Wachovyaji wa mabomba walinitania.

"Huyu akiolewa, mume akifoka tu, ndoo mbili!"

"Na akinuna?"

"Moja inatosha."

Nilikuwa na sababu ya kutokosa kazini. Baba alitangulia, mama akamfuata, mimi nikiwa kidato cha pili na wadogo zangu watatu nyuma yangu. Baada ya msiba ndugu walikaa wakatugawa: mmoja kwa shangazi Magu, mmoja kwa baba mdogo Sengerema, kitinda mimba kwa bibi, na mimi niende kuuza duka la mtu Buswelu. Waligawa kwa upendo, nalijua hilo sasa. Lakini siku ile nilisimama katikati ya wakubwa nikasema watoto hawaendi popote. Baba mdogo akacheka. "Utawalisha nini, ubishi?"

Niliacha shule. Nilikaanga maandazi, nikafua nguo za watu, mpaka nilipopata kazi ya kufagia kiwandani. Tulikaa chumba kimoja Mabatini, wanne. Aliyenifuata, msichana, alifika kidato cha tatu akisoma sayansi. Kwa hiyo nilipokuwa nikimwaga zile ndoo mbili, sikuwa namwaga chokaa tu.

Mwaka ule watu wa mazingira walikuja, wakatazama mfereji wetu, wakachota maji kwenye vichupa. Hatukuambiwa waliona nini. Tuliambiwa tu kwamba kiwanda hakiruhusiwi tena kumwaga kama kinavyomwaga, na mwenye kiwanda ameagiza mtambo. Mtambo huo ukifanya kazi vizuri hadi mwisho wa mwezi, sehemu ya kuchovya itabaki. Usipofanya, utarudishwa ulikotoka na sehemu itafungwa. Mabomba yatakuja yameshapakwa kutoka kwingine. Sehemu ya kuchovya tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na mfagiaji.

Nilimpigia shangazi simu nikamweleza. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia pole. Akasema, "Basi mwisho wa mwezi nakuja kumchukua kitinda mimba. Siyo ugomvi, mwanangu. Sahani zikipungua, na midomo ipungue."

Mtambo ulipofika nilishangaa. Nilitegemea kitu kikubwa chenye kelele. Lilikuwa boksi la kimo cha kifua changu, lenye mipira midogo inayoingia na kutoka, na halikutoa sauti yoyote zaidi ya maji yanayodondoka. Alikuja nalo fundi kutoka Dar, kijana mpole mwenye miwani, ambaye asubuhi ya kwanza aliniamkia "shikamoo dada" nikacheka, kwa sababu tulikuwa karibu rika moja. Alikuwa amelifungua boksi. Ndani mlikuwa na tando nyingi zimepangwa kama kurasa za kitabu, nyembamba, za plastiki, zenye rangi ya chai ya maziwa.

"Hizi zinafanya nini?" nilimuuliza.

"Zinachuja tindikali. Upande huu yanapita maji safi, taratibu sana. Upande wa pili inapita tindikali iliyochoka. Katikati yao ni huu utando. Tindikali inauvuka, inahamia kwenye maji, nasi tunairudisha tangini itumike tena. Chuma kinabaki."

"Utando una matundu?"

"Siyo matundu ya kuona."

"Nani anaisukuma ivuke?"

"Hakuna anayeisukuma. Ni nyingi upande wake, upande wa maji haipo, basi inakwenda yenyewe."

Niliondoka na jibu hilo kichwani. Nikifagia nalifikiria, nikipanda mlima kwenda nyumbani nalifikiria. Kitu kinaondokaje chenyewe kutoka kwa mwenzake bila kusukumwa? Nilikuja kulielewa jikoni. Nilikuwa nimeloweka kayabo, sangara wa chumvi, toka asubuhi. Jioni niliyaonja maji: chumvi kali. Nikaonja samaki: chumvi imepungua. Samaki alikuwa bado yumo bakulini, hajaenda kokote, lakini chumvi ilikuwa imemkimbia na kuingia kwenye maji. Kesho yake nilimweleza fundi. Alivua miwani.

"Dada, mimi nimesoma miaka minne kuelewa hilo."

"Ungekuja Mwanza ungekula samaki tu."

Lakini kuna kitu sikumwambia fundi, na hakikuwa siri. Sikumwambia kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Mtambo ulinywa kutoka kwenye shimo langu. Pampu mpya ilivuta kutoka shimoni, ikapitisha kwenye chujio, ndipo ikaingia kwenye tando. Kabla ya mtambo kuanza kulifanyika kikao cha sehemu yetu, kilichoeleza kila mtu kazi yake mpya. Wafagiaji hatukuitwa. Magunia ya chokaa yaliendelea kukaa stoo, ufunguo ukaendelea kukaa kwangu, na mimi nikaendelea kufika saa kumi na mbili. Fundi alifika saa mbili na nusu.

Tena niliongeza. Nilikuwa nimeziona zile tando kwa macho yangu, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nilikuwa nimeona tindikali ikitoboa buti langu la kwanza kwa matone mawili. Nikasema vitu kama hivi vitaungua siku ya kwanza, na vikiungua tumekwisha. Nikaona afadhali niipooze zaidi kabla haijavifikia. Ndoo tatu.

Wiki ya kwanza mtambo ulitoa maji. Fundi alikuwa na kigilasi na dawa mbili. Anaweka tindikali kidogo, anatia tone la dawa ya rangi, kisha anadondosha dawa ya pili tone kwa tone mpaka rangi igeuke waridi. Matone yakiwa mengi kabla ya waridi, tindikali ni kali. Yakiwa machache, hakuna kitu. Tulizunguka meza yake. Tone la kwanza, la pili. La tatu, waridi.

"Harusi imeisha mapema," mmoja alisema.

Fundi alikwenda kwenye tangi la kuchovyea, akachota tindikali iliyochoka, akaipima. Matone mengi. Akarudi kwenye mtambo, akapima kilichotoka. Matone matatu. Alifungua chujio, akalikuta limejaa tope la rangi ya kutu mpaka juu. Akalisafisha, kesho yake likajaa tena. Akasema huenda chuma ni kingi kupita kiasi, huenda ni joto, huenda tando zilipata jua kwenye lori. Wachovyaji waliupa mtambo jina: mashine ya uji wa ulezi. Kila asubuhi walimuuliza, "Fundi, uji uko tayari?" Yeye alicheka nao, lakini alianza kula kidogo. Mimi nilimwonea huruma, nikajitahidi kukoroga shimo vizuri zaidi ili nimsaidie.

Jumapili moja, baada ya kanisa, mdogo wangu wa kidato cha tatu alikuwa anajisomea kwa sauti huku mimi nachambua mchele. Ana tabia hiyo, anasoma kama anatangaza mpira. Alikuwa na mtihani wa kemia. Alisema tindikali ikikutana na chokaa inatoa chumvi na maji.

"Hapo sawa," nilimwambia. "Sisi tunaita kupooza. Inatulia."

"Haitulii, dada. Inakwisha."

"Inakwisha vipi? Si inalala tu humo ndani?"

"Inakwisha. Haipo tena. Chokaa imeila na yenyewe imeliwa. Hakuna anayelala."

Niliacha mchele. Katika kichwa changu, miaka yote ile, tindikali iliyopoozwa ilikuwa kama mbwa aliyefungwa. Mkali yule yule, ila hang'ati. Nilijua kwa hakika kwamba iko mle shimoni chini ya tope, na kwamba mtambo utaikuta na kuitoa, imeshatulia, rahisi kushika.

"Nionyeshe," nilimwambia.

"Hapa hatuna tindikali."

"Ndimu siyo tindikali?"

Tulikamua ndimu mbili kwenye bakuli. Chokaa hatukuwa nayo, lakini magadi ya kupikia maharage yalikuwepo, akasema nayo ni ya ukoo ule ule. Tukatia kidogo, ikachemka kama shimo langu. Tukatia tena, na tena, mpaka ikanyamaza. Nilichovya kidole nikaonja. Hakuna uchachu. Ladha ya ajabu tu, kama maji ya kisima cha chumvichumvi. Wadogo wote wakataka kuonja, kitinda mimba akatema mlangoni.

Nikasema tusubiri, huenda uchachu utaamka. Tukapika, tukala, tukaosha vyombo. Nikaonja tena. Haukuamka. Nilikaa kwenye kigoda na lile bakuli mapajani, nikawa nahesabu asubuhi nilizokwenda na ndoo tatu tangu mtambo uje.

"Dada, kuna nini?" aliuliza.

"Mimi ndiye ninayeiua," nikamwambia.

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe. Jumatatu nilifika saa kumi na mbili kama kawaida na sikufungua stoo. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikifikiria kwa nafsi yangu, njia nyepesi ilikuwa kuacha tu kuweka chokaa na kufunga mdomo. Lakini Jumamosi nilikuwa nimemwona fundi akitafuta mbao za kufungia boksi. Tando zilikuwa zimejaa tope, zisingejisafisha zenyewe, na yeye alishakata tamaa. Nikinyamaza mtambo unaondoka, na shangazi anakuja. Nikisema, huenda mtambo ukabaki na mimi nikafukuzwa, na shangazi anakuja vile vile. Niligeuza hilo jambo pande zote mpaka mlango ukafunguliwa. Mwisho nikaona kwamba njia ya pili, hata ikinitoa mimi, ina watu kumi wanaobaki.

Fundi na msimamizi walikuwa wamesimama mbele ya boksi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona leo ufagio umeuacha?"

"Mzee, chokaa bado naweka."

"Chokaa gani?"

"Ya shimo. Kila asubuhi. Ndoo tatu."

Fundi aligeuka polepole. "Shimo lipi, dada?"

"Hilo hilo unalonywea."

Sijawahi kuona mtu akikaa chini kwa namna ile. Hakutafuta kiti, alikaa tu sakafuni na nguo zake safi. Nikadhani anaugua. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Msimamizi hakucheka. Aliniuliza kwa nini tatu, wakati alinifundisha mbili.

"Nilizionea huruma tando."

"Ulizionea huruma," alirudia. Akatazama dari. "Mungu wangu. Binti huyu hajawahi kukosa hata siku moja. Angekuwa mvivu kidogo tu, tungekuwa salama!"

Fundi alisimama. Alisema kosa ni lake, alipima tangini na hakupima shimoni hata mara moja. Kisha akaacha kucheka na kutuambia jambo lenyewe: tando zinaweza kuoshwa, lakini zote, moja moja, kwa tindikali nyepesi na maji safi, na zitakazopasuka hazina badala. Akiziosha peke yake hazitakwisha kwa muda uliobaki.

Tuliosha siku nne. Nilivaa glovu zake, nikakaa kwenye benchi nje ya jengo na karai mbele yangu. Nilijifunza kushika utando kwa pembe mbili tu, kama unavyoshika nepi ya mtoto mchanga isijikunje. Saba zilipasuka, mbili mikononi mwangu. Wachovyaji walipita wakisema, "Fua, dada, fua, kesho mwanao anabatizwa." Siku ya tatu wawili wao waliacha utani wakavuta karai lao.

Fundi aliufunga mtambo tena, msimamizi akachukua ufunguo wa stoo kutoka kwangu mbele ya watu wote. Shimo likajazwa tindikali iliyochoka, kijani, halijaguswa. Mtambo wenyewe hauna haraka. Ulidondosha siku nzima na usiku kucha. Asubuhi mwenye kiwanda alikuwepo, amesimama mikono nyuma, na fundi alipotoa kigilasi aliniita mimi nihesabu.

Tone la tatu lilipita, rangi haikugeuka. La kumi likapita. Nilihesabu kwa sauti na nikasikia sauti yangu inapanda. Ishirini. Ishirini na tano. Kwenye thelathini na moja waridi lilitokea likapotea, na thelathini na mbili likakaa. Fundi alisema ni dhaifu kidogo kuliko mpya, itaongezwa mpya kiasi, lakini ni tindikali. Msimamizi hakuamini vigilasi. Aliimwaga kwenye pipa la plastiki, akashika kipande cha bomba lenye kutu, akakitumbukiza. Tukainama sote, hata mwenye kiwanda na tai yake. Vipovu vikaanza kupanda.

"Nani alikuwa anaweka chokaa?" mwenye kiwanda aliuliza, macho yake yakiwa bado kwenye pipa.

Nilifungua mdomo. Msimamizi aliniwahi.

"Niliyemfundisha ni mimi. Na kikaoni sikumwita."

Tulipewa barua za onyo, mbili, yake na yangu. Yangu niliisoma mara nyingi. Iliandikwa kwamba nilitekeleza kazi bila maelekezo, na hilo ni kweli. Chini yake msimamizi aliandika kwa mkono kwamba kuanzia siku ile mfagiaji wa sehemu ya kuchovya ataitwa kwenye vikao vyote. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyefunga sehemu yetu.

Nilimpigia shangazi nikiwa bado kwenye geti la kiwanda, mabuti yamelowa.

"Shangazi, usije kumchukua mdogo. Njoo kutusalimia tu."

"Mtambo umepona?"

"Umepona."

"Nani kauponya?"

"Ni habari ndefu. Aliyeutia ugonjwa ndiye huyu anayekupigia."

Nikasikia kuku wake, na mtu akitwanga mahali karibu naye.

"Mimi nilishamnunulia kitanda," alisema.

Sikuwahi kufikiria kwamba kule Magu kuna mtu aliyekuwa anaandaa chumba, anapima godoro, anasubiri mwezi uishe kwa sababu zake mwenyewe.

"Usikiuze, shangazi," nilimwambia. "Shule zikifungwa atakuja kukilalia. Nitamleta mwenyewe."

"Sikuwa na mpango wa kukiuza," alisema, na sauti yake ikarudi ile ya siku zote. "Haya sasa, nieleze. Huo mtambo uliugua nini?"